Virginia ya Kuvundika: Chupa, Joto la Uganda na Kiko

Mkulima wa ndizi za mbidde haelezwi maana ya kuvundika. Huchimba shimo, akalitandika majani ya mgomba, akapanga ndizi mbichi, akafunika, na baada ya siku nne tano zinatoka laini na tamu, tayari kukamuliwa kwa ajili ya tonto, pombe ya ndizi. Hakutia sukari hata kijiko. Tumbaku ya kiko ya aina ya Virginia nayo huvundikwa, ila shimo lake ni kopo au chupa, na siku zake ni miaka.

Kwetu Uganda kazi hii ina ugumu wake. Maelezo mengi yanayosomwa kuhusu kuvundika tumbaku yametoka kwa watu wa nchi za baridi, wenye vyumba vya chini ya ardhi ambavyo joto lake halibadiliki mwaka mzima. Mwenye nyumba ya bati kule Arua au Ntinda akiyafuata neno kwa neno ataishia na chupa ya ukungu, au na jani lililopikwa na jua. Msimamo wangu niuseme mapema: Virginia ya miaka mitano iliyotunzwa sawasawa inaishinda ya miaka kumi na tano iliyoshinda juu ya kabati, karibu na bati. Anayekuuzia umri bila kukuambia kopo lilikaa wapi amekuuzia tarehe tu.

Sukari ndiyo inayofanya kazi

Virginia ni ile ambayo wakulima huiita tumbaku ya mvuke. Jani hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kwa joto linalopita kwenye mabomba ya bati, moshi usiliguse. Kazi huchukua siku 5 hadi 7. Kwanza joto hushikiliwa kwenye nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, jani likiwa bado hai, ili wanga wake ugeuke sukari na kijani kigeuke manjano. Kisha joto hupandishwa polepole hadi kama nyuzi 55, rangi ishike. Mwisho hufikishwa nyuzi 70 na kidogo, mshipa wa kati ukauke. Kwa kuwa jani limeuawa na joto kabla halijaila sukari yake, sukari hiyo inabaki. Burley, aina nyingine ya tumbaku, hukaushwa kwa hewa kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo jani hujila lenyewe mpaka sukari ikaisha. Ndiyo maana Burley ukiiweka miaka kumi inatoka karibu kama ilivyoingia. Latakia, ile ya kufukizwa moshi, ndiyo kwanza hufifia: moshi wake hupungua makali mwaka hadi mwaka.

Ukaushaji huu wa jani la manjano una asili ya ajabu. Mwaka 1839, katika wilaya ya Caswell huko North Carolina, Marekani, mtumwa aliyeitwa Stephen alikuwa akichunga moto wa bani la bwana wake, Abisha Slade. Moto ulipokaribia kuzimika aliuhuisha kwa makaa, joto likapanda ghafla, na majani yakatoka na rangi ya manjano iliyong'aa. Hapa kwetu watu wa West Nile wanaijua kazi ya mabani vizuri, na wanajua pia kuni zinazoteketea humo.

Ndani ya Virginia kuna rangi. Ya njano ina sukari nyingi, harufu ya nyasi kavu na ukali kama wa limau. Ya machungwa iko katikati. Nyekundu ni nzito mdomoni, ina harufu ya mkate uliookwa na uchachu kidogo kama wa ukwaju. Zote zinavundika, lakini anayetaka kuona mabadiliko makubwa kwa muda mfupi aanze na mchanganyiko wa njano na nyekundu ulioshindiliwa, yaani fleki: majani yaliyobanwa kuwa kitofali, kisha kitofali kikakatwa vipande vyembamba. Full Virginia Flake ya Samuel Gawith, kutoka Kendal, Uingereza, ni mfano ambao karibu kila mvutaji wa Virginia anaujua. Fleki huvundika vizuri kuliko tumbaku iliyokatwa nyuzinyuzi, kwa sababu majani yamegusana na mafuta yake yamechanganyika, na kati yake hakuna nafasi kubwa ya hewa.

Kinachotokea baada ya kufunga ni mambo mawili. Katika miezi ya mwanzo vijidudu vilivyomo kwenye jani hutumia oksijeni iliyobaki na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Kopo la duara likivimba kidogo mgongo usiogope, ndiyo dalili hiyo. Baada ya hapo sukari na viini vya protini huanza kuungana taratibu, kama vinavyoungana kwenye ganda la mkate ndani ya tanuri, ila bila moto. Mwaka wa kwanza utaona ukali umepungua tu. Mwaka wa pili na wa tatu rangi inaingia kahawia na harufu ya nyasi inaanza kuwa harufu ya zabibu kavu. Kati ya mwaka wa nne na wa saba ndipo penye raha: tende, sukari guru, ganda la mkate, na uchachu mwepesi unaozuia utamu usichoshe. Baada ya miaka kumi mabadiliko ni madogo sana, na tumbaku nyingine huanza kupoa, ladha zote zikawa kitu kimoja. Wanaotafuta makopo ya McClelland, kampuni ya Kansas City iliyofunga 2018, hulipa bei za ajabu. Sehemu kubwa ya bei hiyo inatokana na kwamba haitengenezwi tena.

Jambo moja la sheria, kwa sababu linagusa uchaguzi wenyewe. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya 2015, iliyoanza kutumika 2016, inakataza tumbaku zilizotiwa ladha, kwa hiyo zile za vanila na cheri zisahau. Inakataza pia kumuuzia aliye chini ya miaka 21, na kuvuta ndani ya mita 50 za mahali pa umma. Na hata usipomeza moshi, kiko huleta saratani ya mdomo na koo. Anayevuta avute akijua.

Kopo, na baadaye chupa

Kopo la duara lililofungwa bila hewa kiwandani linaweza kukaa vile vile miaka mingi. La mraba silo la kuamini. Mfuniko wake hubana kwa kingo tu, na kona zake huachia hewa ukiligonga au likibebwa kwenye mzigo wa ndege. Jaribio ni rahisi: shika mfuniko wa kopo la mraba ulisukume kwa dole gumba bila nguvu. Ukicheza, tumbaku ihamishie kwenye chupa siku hiyo hiyo.

Adui wa pili wa kopo ni kutu. Tumbaku ina unyevu na asidi, na hewa ya Entebbe au Jinja ina unyevu wa ziwa. Kutu huanza kwa ndani, kwenye mshono, na huioni mpaka tundu la ukubwa wa sindano limetokea. Hapo tumbaku hukauka kama majani ya chai. Kila baada ya miezi sita zungusha kopo mkononi, angalia mshono wa chini na ukingo wa juu. Doa la kahawia lisilofutika kwa kitambaa lina maana moja: fungua, hamisha.

Chupa nzuri ni ya kioo, yenye mdomo mpana na mfuniko wa bati wenye mpira mwembamba kwa ndani. Chupa za asali zinafaa kabisa, mradi ni za kioo. Za plastiki hupitisha hewa polepole na hunyonya harufu. Chupa iliyokuwa na achari iache, maana mpira wa mfuniko hauachi harufu ya siki na kitunguu saumu hata ukiuchemsha mara tatu. Iliyokuwa na asali huosheka kwa maji ya moto tu. Kwenye soko la Kikuubo, Kampala, unaweza kupata mifuniko mipya kwa wauzaji wa vifungashio, na kubadilisha mfuniko ni bora kuliko kubadilisha chupa.

Kabla ya kuitumia, tia maji kidogo, funga, igeuze kichwa chini juu ya gazeti usiku kucha. Gazeti likilowa hata tone, chupa hiyo ni ya sukari, si ya tumbaku. Ikifaulu, ioshe, imwagie maji yanayochemka, iache ikauke saa 24 ikiwa wazi. Watu huharibu hapa: chupa inaonekana kavu kwa macho, kumbe kwenye mizunguko ya shingo kuna maji, na ukungu huanzia hapo hapo.

Kiasi: chupa ya mililita 250 hubeba gramu 50 hadi 60 za nyuzi zilizobanwa kwa kidole, au kopo moja la fleki. Chupa ya asali ya nusu kilo, ambayo ujazo wake ni kama mililita 350, hubeba gramu 80 hivi. Jaza mpaka ibaki nafasi ya kidole kimoja juu. Ukiacha nusu tupu kuna hewa nyingi, na harufu inapotea humo. Usijaze mpaka kushindilia kwa ngumi pia, hewa kidogo inahitajika mwanzoni ili vijidudu vianze kazi. Kwa sababu hiyo hiyo mashine ya kunyonya hewa haina faida hapa. Na gawanya. Chupa nne za gramu 50 ni bora kuliko moja ya gramu 200, kwa sababu kila ukifungua, hewa uliyoivundika miaka mitatu inatoka na mpya inaingia.

Bandika karatasi yenye jina, mwezi na mwaka wa kufunga, na uzito wa chupa yote ikiwa imejaa. Uzito huo wengi huuruka, na ndio mlinzi wako. Pima tena baada ya miezi mitatu kwa mizani ya gramu. Ikipungua gramu moja au zaidi, mfuniko unavuja.

Unyevu

Tumbaku nyingi hutoka kiwandani na unyevu wa asilimia 16 hadi 20. Kwa kuvundika katika joto letu, asilimia 20 ni nyingi mno. Ishushe ifike 14 hadi 16 kabla ya kufunga chupa. Kwa kuvuta, 12 hadi 13 ndiyo yenye kupendeza.

Huna kipimo? Kipo jikoni. Chukua gramu 10, tandaza kwenye sahani ya bati, tia kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa tatu, kisha pima tena. Zikibaki gramu 8.6, unyevu ulikuwa kama asilimia 14. Gramu hizo 10 umezipoteza, lakini umeokoa 200. Baada ya kufanya hivyo mara mbili tatu vidole vitajua vyenyewe: finya kibano cha tumbaku, achia. Ikibaki imeshikamana kama ugali, bado. Ikifunguka taratibu kama sponji, sawa. Ikilia na kuvunjika, imepita.

Iliyokauka huweza kurudishwa. Tandaza kwenye bakuli pana, funika bakuli kwa kitambaa safi kilichokamuliwa vizuri, kisiguse tumbaku, na angalia kila saa moja. Kwa kawaida saa tatu hadi sita zinatosha. Usitie kipande cha kiazi wala ganda la chungwa ndani ya chupa kama wengine wanavyoshauri. Unyevu huo hauna mpaka, na pamoja nao unaingiza mbegu za ukungu.

Joto letu

Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, mchana hufika nyuzi 28 au 29 na usiku hushuka 17 au 18. Kwa Virginia hilo si baya hata kidogo: joto la wastani la nyuzi 22 huvundika haraka kuliko la watu wa baridi. Kabale, karibu mita 2,000 juu, ni pazuri zaidi kwa mwenye subira. Shida ni chini ya bati, ambako saa nane mchana Januari joto hupita 35, halafu alfajiri ni 18. Mchana maji yaliyomo kwenye jani hugeuka mvuke, usiku mvuke unagandamana kama umande kwenye shingo ya chupa na kudondokea tumbaku ya juu. Tumbaku kwa wastani ina unyevu wa asilimia 15, lakini ile ya juu ina 25, na hapo ndipo ukungu unapoanza. Ukiona matone ndani ya kioo asubuhi, mahali hapo hapafai, hata chupa iwe nzuri namna gani.

Dawa yake ni mahali pasipobadilika. Uvunguni mwa kitanda, kwenye chumba kisichopigwa na jua la magharibi, panafaa. Lile sanduku la plastiki nene la kubebea soda na barafu kwenye harusi linafaa kuliko vyote: liweke kavu, bila barafu, sakafuni, jaza chupa, funga. Ndani yake joto hupanda na kushuka kidogo tu, na mwanga hauingii. Sanduku la bati la shule ya bweni huzuia mwanga tu, si joto, kwa hiyo lisikae darini. Friji haifai. Baridi yake husimamisha mavundiko, na umeme ukikatika na kurudi, umande unarudi nao.

Wapo wanaotaka mkato: chupa iliyofungwa, oveni nyuzi 95, saa nne. Jani hutoka jeusi na tamu, kweli, lakini limepikwa. Viwanda hufanya kitu cha namna hiyo kwa makusudi na kukiuza kama Virginia nyeusi. Baada ya hapo chupa hiyo haiendelei sana, kwa kuwa vijidudu vimekufa. Na chupa ya asali haikutengenezwa kwa oveni, ikipasuka una tumbaku na vioo.

Mdudu mwenye mgongo

Kimende wa tumbaku, Lasioderma serricorne, ana urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi ya kahawia nyekundu, kichwa amekiinamisha chini hata ukimtazama kwa ubavu unadhani hana. Ukimgusa hujifanya amekufa. Tundu lake kwenye jani ni duara kamili, kana kwamba limepigwa na sindano ya moto, na pembeni kuna vumbi laini. Anayekula si mkubwa bali mtoto wake, kifunza cheupe chenye manyoya, aliyejikunja ndani. Kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua mwezi hadi miezi minne kutegemea joto, na chini ya nyuzi 18 karibu hakui kabisa. Kampala haimpi shida.

Tumbaku ya kopo kwa kawaida imepata joto kiwandani na mayai yamekufa. Hatari ni jani la shambani, na jikoni. Mdudu huyu hula pilipili kavu, bizari, unga na hata dawa za miti shamba. Ukiweka chupa iliyo wazi karibu na kopo la pilipili, umemwalika. Jani la shambani litie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, siku saba. Kisha lihamishie friji siku moja, halafu mezani siku moja, mfuko ukiwa bado umefungwa. Ukiufungua likiwa na baridi, maji ya hewani yatalilowesha.

Jani la West Nile na jeki ya gari

Kwa mwenye jamaa mkulima na mikono yenye subira. Jani lililotoka banini juzi halivutiki: linawasha koo na lina harufu ya amonia. Viwanda huliacha robotani mwaka hadi miaka mitatu kabla ya kuligusa. Nawe liache mwaka, likiwa kavu kiasi cha kukunjika, limefungwa kwa karatasi ndani ya gunia safi.

Baada ya hapo chukua gramu 500, chomoa mshipa wa kati. Utabakiwa na 350 hivi, usishangae. Nyunyizia maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka jani likunjike bila kulia, lakini lisiache maji kidoleni. Lipange kwenye kisanduku cha mbao ngumu, mvule au mfano wake, chenye nafasi ya ndani ya sentimita 15 kwa 10, ukitandika karatasi ya kuokea. Juu weka ubao unaoingia barabara, juu yake jeki ya gari, na vyote viwe ndani ya fremu ya chuma isiyopinda. Kaza mara moja kila siku kwa siku tano za kwanza, kisha acha wiki mbili. Kikitoka kitofali cha unene wa sentimita 3, kikate kwa kisu kikali milimita 1.5 hadi 2. Maji ya kahawia yakivuja wakati wa kukaza, ulilowesha sana. Toa, anika saa chache, anza tena, la sivyo kitachacha kama uji. Hiki ni cha kuvuta mwenyewe, si cha kuuza.

Kufungua

Chupa ya miaka sita ukiifungua, harufu ya kwanza huenda ikakuvunja moyo: siki, au kitu kama unga wa mhogo uliochacha. Isubiri dakika kumi. Siki huondoka, na chini yake kuna tende. Fleki zimekuwa nyeusi kama ganda la tende lenyewe, zimeshikana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Usizivute kwa kucha. Ingiza ncha ya kisu butu pembeni, izungushe kidogo, kipande kinaachia.

Juu ya fleki unaweza kuona vumbi jeupe. Hapa watu hutupa tumbaku nzuri. Ilete dirishani, igeuzegeuze kwenye mwanga: kama inametameta kama chembe za sukari na imelala bapa kwenye jani, ni fuwele zilizotoka ndani ya jani, na ukizigusa kwa kidole chenye unyevu zinayeyuka. Ukungu haumetameti. Una nywele, umesimama, hupenda kukaa kwenye kona moja kama utando wa buibui, na unanuka ghala lililofungwa. Ukungu ukiuona, tupa chupa yote. Usikate sehemu moja ukavuta iliyobaki.

Kabla ya kuvuta, ianike. Fleki mbili, gramu 2 hadi 3 kwa kiko cha kawaida, zifikiche au ziache nzima, ziweke juu ya karatasi kivulini. Januari Kampala dakika 40 zinatosha, Aprili ni saa moja na nusu au mbili. Watu wengi wanaolalamika kwamba Virginia inaunguza ulimi wanavuta mvuke wa maji. Sukari yake huwaka kwa joto kali, unyevu unachemka, na ulimi unapata vyote viwili.

Kiko chenyewe

Bakuli lenye kipenyo cha milimita 17 hadi 19 ndilo linalofaa fleki. Mbao ya mzizi wa briari ndiyo ya kawaida. Cha gunzi la mahindi ni rahisi na hakibaki na harufu nyingi. Vile vya chapa iliyoitwa Kiko, vilivyotengenezwa Arusha kwa jiwe jeupe la Amboseli, vyenye nembo ya tembo, bado huonekana kwenye maduka ya vitu vya zamani, na jiwe hilo huvuta Virginia safi kuliko mbao. Emindi ya udongo, kama ya bibi zetu wa Ankole, nayo inafaa, ila huwa moto sana mkononi. Kiko kilichozoea Latakia au tumbaku ya vanila usikitumie. Utavuta mambo ya juzi.

Kwa anayeanza, fikicha fleki kabisa mpaka iwe nyuzi, dondosha mpaka bakuli lijae, kandamiza hadi nusu kwa uzito wa kidole cha mtoto, jaza tena, kandamiza hadi robo tatu kwa kidole cha mama, jaza, kandamiza kwa kidole cha baba. Aliyezoea anaweza kukunja fleki mara mbili, kuisokota kidogo, kuiingiza ikiwa imesimama, na kutia vumbi la tumbaku juu kama kuwashio. Acha nafasi pembeni, kwa sababu fleki hupanuka ikipata moto. Vuta kabla ya kuwasha: iwe kama kuvuta soda kwa mrija. Ikiwa kama uji, toa na upange upya. Haiji kujirekebisha ikishawaka.

Kiberiti kiwashe, acha kichwa kimalize kuwaka ndipo ukilete. Zungusha moto juu yote, vuta pole. Tumbaku itainuka kama inayotaka kutoka. Ishushe kwa kishindilio bila kuikaza, washa mara ya pili. Baada ya hapo mivuto miwili mitatu kwa dakika. Bakuli ukiligusisha shavuni lisikuchome. Likichoma, acha lizimike, na hakuna aibu kuwasha mara nne tano. Theluthi ya kwanza ni limau na ukwaju, ya kati ndiyo tende na sukari guru, ya mwisho ni nzito na nikotini imejaa huko, kwa hiyo usivute kabla ya kula. Kikianza kugugumia, pitisha waya wa pamba mpaka chini bila kukitenganisha. Cha kunywa nacho ni chai ya rangi bila sukari. Kahawa ya Bugisu huifunika Virginia kabisa.

Ukimaliza, mwaga jivu, pitisha waya mkavu, na kifuta cha karatasi ndani ya bakuli. Masizi yaache yajenge unene wa milimita 1 hadi 1.5, yaliyozidi yakwangue kwa kisu butu. Mara moja kwa miezi michache loweka waya kwenye waragi, usugue shingo na mdomo mpaka utoke mweupe. Spiriti ya taa usiiguse, ina sumu na harufu yake haitoki. Wengine hujaza bakuli chumvi na waragi usiku mzima. Chumvi huingia kwenye ufa wa mbao na kuupanua, pamba inafanya kazi ile ile. Kisha pumzisha kiko siku mbili, bakuli likitazama chini. Msimu wa mvua ziwe siku tatu, na kabla ya kukijaza tena kinuse kwenye mdomo: ukisikia uchachu, bado hakijakauka.